Kilomita Kumi za Kwanza

Mwanamke aliyeendesha lori na tela lake kwa miaka thelathini na moja hapimwi kwa karatasi. Ndivyo alivyoamini Bibi Breki, na asubuhi ile alikuwa amepiga magoti uani kwake, gauni kalipandisha na kulifunga kiunoni juu ya suruali ya kazi, anabadilisha gurudumu la kushoto la Konokono huku akiisema vibaya karatasi ambayo hata haijafika.

Konokono ndilo tela lake la kwendea kambini. Kitu kidogo, mgongo wa duara, vitanda vitatu vya kubanana na jiko la gesi la plate mbili. Alilikuta nyuma ya gereji fulani mwaka aliostaafu, limelala ubavu, kuku wanatagia ndani. Watu wakamcheka. Alilifanyia kazi miezi saba, akachomelea, akapiga msasa, akapaka rangi ya maziwa, na wale waliocheka wakaanza kupita uani kuulizia kama linakodishwa. Halikodishwi. Lilikuwa na kazi moja tu: kuwapeleka wajukuu zake wawili ziwani, siku nne, wao na yeye.

Hilo la "Breki" alipewa na hao hao wajukuu, wasichana wawili, mmoja wa miaka kumi na mwingine wa saba, maana kila wakipanda pikapu yake kwenda dukani neno la kwanza ni breki na la mwisho ni breki. Aliwapenda kupita kiasi, na sababu yake hakuificha. Mwanawe, baba yao, alimlea kwa simu na zawadi za njiani. Alikuwa barabarani wiki tatu, nyumbani siku mbili, halafu barabarani tena. Hawa wawili hakutaka wamjue kwa mifuko ya zawadi. Alizitaka hizo siku nne kuliko alivyowahi kutaka lori jipya.

Kizuizi kilikuwa ni huyo baba yao. Mwanawe wa pekee, miaka arobaini na moja, mkaguzi wa lifti. Kazi yake ni kuingia kwenye majumba marefu, kupanda na kushuka, kugonga hapa, kupima pale, kisha kuweka saini kwamba watu wanaweza kupanda bila kufa. Mtaa mzima ulimwita Mkaguzi, na mkewe naye alimwita Mkaguzi alipokuwa hampendi. Juzi alikuwa amevuka barabara kutoka nyumbani kwake, akasimama mbele ya mama yake, akakata kauli.

"Ijumaa nitakuja na orodha, Mama. Tutakagua pamoja, kisha utanizungusha kidogo barabarani. Nikikuta kosa moja, moja tu, watoto hawaendi. Na usiwatajie tena habari za Konokono."

Bibi Breki aliitikia shingo upande. Angefanya nini? Watoto ni wa mwanawe.

Basi ndiyo maana alikuwa amepiga magoti. Tairi la zamani lilikuwa na meno mazito bado, mtu asiyejua angesema jipya, lakini ubavuni lilikuwa limeingia nyufa kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Tairi la tela halichakai kwa kutembea, linachakaa kwa kusimama. Akaling'oa, akavika jipya, akaingiza nati tano kwa vidole, akazikaza kidogo kwa spana, kiasi cha kushika tu, maana gurudumu likiwa hewani huwezi kuzikaza kwa nguvu, litazunguka. Akashusha jeki. Tairi likagusa ardhi.

Ndipo lango likalia. "Hodi hapa."

Bibi Breki akainuka, magoti yakamlalamikia, akaligonga gurudumu mara mbili kwa spana. "Kaza," akasema, akajifuta mikono, akaenda kumpokea mwanawe.

"Ulikuwa unaongea na nani?" Mkaguzi aliuliza. Alivaa shati lililonyooshwa, kalamu mbili mfukoni, faili kwapani. Nyuma yake walikuja mkewe na wale wasichana, kila mmoja na begi lake mgongoni, wamekaa mkao wa safari kabisa.

"Naongea na gurudumu. Wewe huongei na lifti zako?"

"Siongei nazo."

"Ndiyo maana zinakwama na watu ndani."

Mkwewe alicheka akageuka pembeni. Mkaguzi hakucheka. Alifungua faili, na kweli, ilikuwa orodha ya vipengele thelathini na vinane, imepigwa chapa, kila kipengele na kijisanduku chake cha kuwekea alama. Mtu huyu alikuwa amekesha. Bibi Breki alitaka kukasirika akashindwa, kwa sababu yeye mwenyewe angekuwa na mtoto wa kumkabidhi mtu, angeandika vipengele mia.

Wakaanza. Na hapo, niseme ukweli, mama alikuwa anapepea. Mkaguzi alisoma, "Kichwa cha tela kimekaa sawasawa juu ya mpira wa chuma wa kuvutia, nyuma ya pikapu?" na yeye hakujibu kwa mdomo. Aliizungusha ile jeki ya puani mwa tela mpaka pua ikapanda, ikapanda na mkia wa pikapu, springi zikanyooka, na kichwa hakikuachia.

"Ukitazama tu kwa macho, kinaweza kukaa juu ya mpira kikakudanganya," alisema. "Ukikiinua na gari likainuka nacho, hapo kimeshika. Andika."

Mkaguzi akaandika. Akauliza minyororo ya usalama. Alimwonyesha ilivyopishana chini ya ulimi wa tela, ule mhimili wa chuma wa kuvutia, wa kushoto kwenda kulia na wa kulia kwenda kushoto, ili kichwa kikichomoka kiangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba lami. Akauliza pini ya kufungia kichwa. Ipo, na klipu yake ipo. Akauliza taa. Mama akaingia kwenye pikapu, mwana akasimama nyuma, wakaitana kama wauza samaki: kushoto, kulia, breki, rivasi. Zote zikawaka. Upepo wa tairi alipima yeye Mkaguzi kwa kipimo chake alichotoka nacho nyumbani, akakuta uko sawasawa, akapima tena kwa kutoamini, ukawa vile vile.

Kwenye mzigo ndipo palipotokea maneno. Mkwewe alikuwa amesaidia kupakia, na kwa kupenda unadhifu alipanga madumu mawili ya maji na sanduku la vyakula mwisho kabisa, nyuma, karibu na dirisha.

"Nani kaweka maji huku?"

"Mimi, Mama. Niliona panapendeza."

"Panapendeza, mwanangu, lakini tutaokotana mtaroni. Mzigo ukilalia nyuma, pua inakuwa nyepesi, na pua ikiwa nyepesi mkia unaanza kucheza. Kwenye mwendo huwezi kuuzuia." Akayabeba madumu mwenyewe, moja baada ya jingine, akayaweka chini juu ya ekseli, mbele kidogo, akayafunga kwa mkanda. Yule mjukuu mkubwa akauliza kama naye akalie ekseli. Akaambiwa yeye atakaa kwenye pikapu na mkanda kifuani, maana ndani ya tela linalotembea hakai hata nzi.

Mkaguzi alikuwa amefika kipengele cha ishirini na saba. "Nati za magurudumu?"

"Nimebadilisha gurudumu mwenyewe asubuhi hii, kwa mikono hii."

Mkaguzi akamtazama, akatazama mikono, akaweka alama. Wakaendelea.

Kufika saa nne vijisanduku vyote vilikuwa vimejaa. Wasichana wakataka kupanda. Baba yao akawaambia bado, kwanza yeye na Bibi wanakwenda na kurudi, na wao wakae barazani na mama yao. Mdogo alinuna mpaka mdomo ukafika kifuani. Bibi Breki akampigia honi mara moja ya kumbembeleza, akaingiza gia, Konokono likafuata nyuma bila kelele.

Mkaguzi alijishikia mpini wa mlangoni tangu wanatoka langoni. Hilo mama alilitegemea. Asichokitegemea ni kwamba taratibu, kona baada ya kona, mkono ulilegea. Alikuwa akimwangalia mama yake anavyopanua kona ili tela lisikate ukingo wa barabara, anavyoanza kupunguza mwendo mapema kabla ya matuta, anavyoacha nafasi ya magari manne mbele yake na kuwaacha wenye haraka waingie. Basi moja lilipita kwa kishindo, upepo wake ukalisukuma Konokono, na Bibi Breki hakuuzungusha hata usukani. Aliondoa mguu kwenye mafuta tu, tela likajinyoosha lenyewe.

"Linatulia," Mkaguzi akasema, kwa sauti ya mtu anayekubali kitu kinachomuuma.

"Likipangwa vizuri linatulia."

"Sijawahi kusafiri na wewe, Mama. Unajua hilo?"

"Sasa unasafiri."

Bibi Breki aliona kwa jicho la pembeni mwanawe anafungua faili magotini, anaitafuta sehemu ya chini ya ukurasa wa mwisho, anatoa kalamu. Alifurahi, akajifanya anaangalia vioo.

Mita ilipotimiza kilomita kumi, aliwasha indiketa akaingia kwenye uwanja wa kokoto mbele ya duka la vifaa vya ujenzi.

"Kuna nini?" Mkaguzi aliuliza.

"Hakuna. Kilomita kumi za kwanza nasimama, nashika. Kitu kilichofungwa nyumbani kinajikalia upya barabarani. Nitakuja sasa hivi."

"Hiki hakipo kwenye orodha yangu."

"Basi ongeza."

Alishuka na spana mkononi. Akaanza upande wa kulia. Akagusa katikati ya gurudumu kwa mgongo wa kiganja: vuguvugu, vizuri. Akagusa nati: mawe. Akapita nyuma, akatikisa taa, akatazama mlango, akaja upande wa kushoto. Akagusa katikati ya gurudumu, vuguvugu. Akaweka vidole juu ya nati ya kwanza.

Ikazunguka.

Aliiangalia kama vile si yake. Akashika ya pili. Ikazunguka kwa vidole viwili, kama kifuniko cha chupa. Ya tatu ilikuwa na ubishi kidogo, ya nne na ya tano hazikuwa na ubishi wowote. Palepale akajua kilichotokea, akajua chote, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Miaka thelathini na moja barabarani hakukaza nati za mwisho hata siku moja. Hiyo ilikuwa kazi ya utingo, msaidizi wa dereva. Dereva anavika, anashusha jeki, anagonga gurudumu mara mbili, anasema "kaza", anaondoka kwenda kuangalia mengine, na nyuma yake kuna kijana au mzee ameshachuchumaa, anaweka uzito wote juu ya spana. Matingo walibadilika, wengine walikuwa wazuri na wengine wapuuzi, lakini nyuma ya neno lile alikuwepo mtu siku zote. Asubuhi ile aligonga mara mbili, akasema "kaza", akaondoka. Nyuma yake palikuwa na ua mtupu.

"Mama," Mkaguzi aliita dirishani, na sauti yake ilikuwa nyepesi kama ambavyo hajaisikia miaka mingi. "Nimeshatia saini. Watoto waende. Na nikwambie kitu, nilikuja nikiwa nimekwishaamua kukataa."

Bibi Breki alikuwa na spana mkononi. Nati tano, dakika moja, pengine chini ya hapo. Mwanawe alikuwa amekaa upande wa pili wa gari, haoni chochote. Angekaza, angerudi, angesema tela liko sawa, na tela lingekuwa sawa kweli. Wasichana wangepanda. Nani angejua? Alisimama na swali hilo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri baadaye, na alijichukia kwa kila sekunde yake.

"Shuka," akasema. "Njoo ushike hapa."

Mkaguzi alizunguka akachuchumaa bila kujali suruali yake. Akaweka vidole pale alipoonyeshwa. Nati ikazunguka, ikazunguka, ikaangukia kiganjani mwake. Akabaki anaitazama.

"Sio tela," mama yake alisema. "Sio tairi, sio barabara. Ni mimi. Nilizifunga kwa kushikiza tu, nikasema neno nililozoea kusema, nikaondoka. Umri wangu wote kuna mtu alikuwa ananikazia nyuma, na leo nilisahau kwamba hayupo. Ichane saini yako. Sitakulaumu hata kidogo."

Mkaguzi aliigeuza nati kiganjani. Alisema, macho bado kwenye nati, "Kipengele cha ishirini na saba. Niliweka alama bila kugusa."

"Uliniamini."

"Lifti ningeigusa. Hata ya rais ningeigusa. Sikugusa kwa sababu ni wewe. Ukisema umefanya, umefanya. Nililelewa kwa neno hilo. Baba alikuwa analisema kila siku: mama yako anajua kazi yake, hakosei, atarudi. Na mimi nililichukia, Mama. Alfajiri nilikuwa nasikia injini ya lori inawaka nje, nakurupuka kitandani, nikifika mlangoni umeshaondoka. Kila safari. Nilikuwa natamani mtu mmoja tu aniambie kwamba na wewe unakosea, ili nipate sababu ya kukuomba ubaki."

Bibi Breki akakaa juu ya ulimi wa tela. Alilia bila kujificha, mwanamke mzima na spana mapajani, mbele ya duka la saruji na vibarua wake wawili waliojifanya wanahesabu mifuko.

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ningekwambia lini?"

Mama yake aliondoa machozi kwa mgongo wa kiganja chenye grisi, akajipaka mstari mweusi shavuni. Mkaguzi akauona, akataka kuufuta, akauongeza. Wakacheka wote wawili, kicheko cha pua zilizojaa.

Kisha Mkaguzi akanyoosha mkono. "Nipe spana."

"Anza na hiyo ya juu. Weka uzito, usitumie mikono, tumia mwili. Haya. Sasa usiende ya jirani yake, ruka moja, gurudumu likae sawa. Ruka tena."

"Kitu kama mlango wa lifti."

"Sijui mlango wa lifti. Kaza."

Alikaza. Alipomaliza alirudia tena zote tano bila kuambiwa, shati likachafuka kifuani, mishipa ikamtoka shingoni. Mama alikuwa anamtazama mgongo ule uliokuwa mpana kama wa baba yake, akajua kwamba hawezi kuiendesha safari ile kama alivyoipanga. Si kwa sababu amezeeka. Kwa sababu sasa anajua mkono wake unamtegea wapi.

"Sitawapeleka peke yangu," alisema. "Hata ukiacha saini yako ilivyo. Dereva ninaye, utingo sina."

Mkaguzi akainuka. "Unataka mtu wa aina gani?"

"Mzito. Mbishi. Anayegusa kila kitu mara mbili. Mshahara hakuna, ni chakula na makelele ya watoto."

"Awe na uzoefu?"

"Wa nati tano unatosha."

Mkaguzi alizunguka gari lote kwanza, akagusa magurudumu yote manne ya pikapu na yale mawili ya Konokono, moja moja, ndipo akapanda. Njiani alipiga simu kazini kwake, akaomba siku za likizo ambazo hakuziomba kwa miaka mitatu. Walimuuliza kama kuna msiba. Akasema hapana, anakwenda ziwani na mama yake, na huko upande wa pili mtu akamtakia safari njema.

Wasichana walikuwa wameshika nguzo za baraza kama wafungwa. Bibi Breki hakuzima hata injini, alishuka akawaeleza chote palepale, nati tano, na zote tano zimelegea. Mkwewe aliziba mdomo. Mdogo akauliza, "Utasahau tena?"

"Naweza. Ndiyo maana baba yenu anakuja na sisi."

Wakamgeukia baba yao kuhakikisha. Alikuwa na grisi hadi kwenye viwiko. Akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, na wakapiga ukelele uliomtoa jirani nje.

"Baba atalala wapi?" mkubwa aliuliza. "Vitanda ni vitatu."

"Chini, kwenye godoro. Utingo analala chini, kando ya dereva wake. Akachukue mto."

Mkaguzi akatoka langoni akavuka barabara kwenda kwake. Alianza kwa kutembea. Alipofika katikati akageuka, akaitazama pikapu inayonguruma langoni kwa mama yake, akaanza kukimbia, mtu wa miaka arobaini na moja na kalamu zake mbili mfukoni, anakimbilia mto kama atakayeachwa.

Bibi Breki alimwona. Akaingiza mkono dirishani, akazima injini, akachomoa ufunguo akaushika mkononi, juu, mahali ambapo mwanawe angeuona akitoka mlangoni kwake.